Kati ya Zilizoharibika

Tulihesabia kwenye ghala la chama cha msingi, pale Isunda,
kwa hiyo karatasi zote zilinuka tumbaku,
za mshindi na za mshindwa,
na hadi leo nikisikia neno bunge
puani hunijia jani lililokaushwa kwa moto wa kuni.

Taa ya chaji ilining'inia kwenye ndoano ya mizani.
Nkamba, wakala wa hawa, alikalia marobota.
Shigela, wakala wa wale, hakutaka kukaa.
Mimi nafungua, naonyesha, nataja;
Mwanne anachora vijiti, cha tano anakilaza juu ya vinne.
Huyu. Huyu. Yule. Huyu.
Kama siku ya soko, mteuzi anapopita
akiyatupa majani kwa madaraja
na mkulima anatazama mkono, halitazami jani.

Ya mia na arobaini na saba haikuwa na alama ya vema.
Ilikuwa na maneno.
Kalamu ilikandamizwa hadi nyuma ya karatasi
kukaota nundu, kama ngozi iliyopitiwa na nyuki:

KISIMA CHA SHULE KIMEKUFA TANGU MFUNGO
TUNACHOTA NA NG'OMBE

Nikaijua ile G. Zote tatu.
Mkia unapanda juu, unageuka kama ndoana.
Miezi mitano nimeusahihisha mkia huo,
Jumatano na Ijumaa, saa kumi, darasa la watu wazima,
nikiushika mkono wa mama wa miaka sitini na mmoja
aliyezoea kupokea malipo ya tumbaku
kwa dole gumba lenye wino.

Kura ni siri.
Sikuijua ile G.

"Imeharibika," nikasema.
Nkamba akacheka: "Huyo kadhani ni sanduku la posta."
Shigela hakucheka. Aliomba isomwe tena.
Nikasoma. Akaanza kuandika kwenye daftari lake,
akafika kwenye ng'ombe, akakata mstari wote.
Mwanne akauliza, kijiti hiki nikiweke wapi?
Nikamwonyesha safu ya mwisho.

Lakiri. Sahihi. Pikipiki. Usiku. Sikonge.

Kesho yake redio ikausoma mkoa,
Nzega huyu, Igunga huyu, Urambo yule,
Kaliua bado, fomu za kata mbili zimekwama na mvua,
na kila ilipofika mkiani mwa orodha
sauti ya mtangazaji ilishuka, ikaharakisha,
kama mtu anayekomba ukoko kabla wageni hawajaingia:
waliojiandikisha, waliopiga, kura halali,
zilizoharibika elfu moja mia tatu na kumi na mbili.

Nilikuwa nimesimama uani, mswaki mdomoni.
Elfu moja mia tatu na kumi na moja sizijui.

Jumatano Kalunde Mlekwa aliwatangulia wenzake.
Ndoo aliiacha mlangoni, maji yake rangi ya chai ya maziwa,
unyoya mmoja unaelea.
Hakuuliza nani kashinda.
Alifungua daftari, akalamba ncha ya penseli.
"Mwalimu," akasema,
"barua huchukua siku ngapi kufika Dodoma?"

Nilitaka kumwambia: mama, pale palitakiwa
alama moja tu ya vema, kukunja, na kunyamaza.
Herufi ishirini na nne nilikufundisha.
Hilo la kunyamaza lilinipita.

Nikasema, inategemea.
"Inategemea nini?"

Nikageukia ubao. Nikaandika tarehe. Chaki ikakatika.
"Tuiandike upya," nikasema,
"safari hii tuanze na anwani."

Akavuta benchi karibu na dirisha, kwenye mwanga.
Mkia wa G ukapanda, ukageuka kama ndoana.
Sikuugusa.